Sidney Poitier Ugenini: Cheti, Ghorofa ya Chini na Neno "Sikubali"

Tarehe 13 Aprili 1964, katika mji wa Santa Monica, California, Sidney Poitier alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Alikuwa na umri wa miaka 37, na alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Filamu iliyompatia ushindi, Lilies of the Field, ilikuwa kazi ndogo ya gharama nafuu: kisa cha kibarua mpita njia anayewajengea watawa kanisa katika jangwa la Arizona. Tangu usiku ule maisha yake yamekuwa yakisimuliwa kwa namna moja: kijana maskini wa visiwani aliingia New York hana kitu mfukoni, akaosha vyombo, akajituma, akafika kileleni.

Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yamepunguzwa mno. Yanamwacha kijana peke yake na juhudi zake, kana kwamba hapakuwa na sheria za uhamiaji, hapakuwa na maktaba, hapakuwa na watu waliomfundisha kusoma, wala hapakuwa na serikali iliyopiga marufuku filamu yake katika nchi aliyolelewa. Wasomaji wa ukurasa huu, wengi wenu mkiwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, mnawafahamu vijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wanaoondoka leo na ndoto ya uigizaji. Huwa tunawaaga kwa neno moja: jitume. Katika makala haya nakusudia kuonesha kwamba historia ya Poitier inatufundisha jambo zito zaidi ya hilo. Kipaji chake kilisimama juu ya mambo matatu: karatasi aliyoipata kwa bahati, taasisi iliyojengwa na watu waliobaguliwa, na uwezo wa kukataa kazi akiwa na njaa. Kila moja kati ya mambo hayo ni suala la siasa.

Nyanya na cheti

Wazazi wake, Reginald na Evelyn Poitier, walikuwa wakulima wa nyanya katika Kisiwa cha Cat, Bahamas, wakati huo koloni la Uingereza. Soko lao lilikuwa Florida. Februari 1927 walikuwa Miami wakiuza mazao yao, na huko mtoto wao wa mwisho akazaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba baba yake, kama Poitier alivyokuja kueleza, alinunua kisanduku cha viatu kwa ajili ya maziko. Mtoto hakufa. Wazazi wakarudi naye kisiwani, naye akakua pasipo umeme, pasipo gari na pasipo sinema, miongoni mwa watu weusi ambao ndio walikuwa wengi katika kila jambo alilolishuhudia.

Alipokaribia umri wa miaka 10, wakulima wa Florida waliishawishi serikali yao izuie nyanya kutoka Bahamas. Uamuzi uliofanywa katika ofisi za nchi nyingine ulimaliza riziki ya familia nzima, ikahamia Nassau, mji mkuu. Huko Sidney aliona sinema kwa mara ya kwanza. Huko pia aliona namna wafanyabiashara weupe wachache walivyolishika Bunge na uchumi wa koloni lenye wakazi wengi weusi. Juni 1942 vibarua wa Nassau waliokuwa wakijenga viwanja vya ndege vya kijeshi waliandamana kudai ujira bora, maandamano yakageuka ghasia. Miezi michache baadaye baba yake, akihofia kwamba kijana angeishia jela, alimpandisha meli kwenda kwa kaka yake Miami. Sidney alikuwa na umri wa miaka 15.

Hapa ndipo karatasi inapoingia. Mwaka 1943 Marekani na Bahamas zilianzisha mpango uliowapeleka maelfu ya Wabahamas kuvuna mazao katika mashamba ya Marekani kwa mikataba ya muda. Mkataba ukiisha, mfanyakazi alitakiwa kurudi kwao. Poitier hakuhitaji mkataba. Kwa kuwa alizaliwa Miami, alikuwa raia wa Marekani kwa sheria ya nchi hiyo, hata kama maisha yake yote hadi wakati huo yalikuwa ya Bahamas. Majirani zake wa kisiwani, wenye akili na miili kama yake, waliingia nchi ileile kama mikono ya kukodi. Yeye aliingia kama mtu mwenye haki ya kubaki, kubadilisha kazi, kushindwa na kujaribu tena.

Tusijidanganye kwamba uraia huo ulimlinda na kila kitu. Katika Miami ya ubaguzi alipelekea mzigo nyumba ya mwanamke mweupe, akagonga mlango wa mbele, akaamriwa azunguke nyuma. Hakuelewa sababu, akauacha mzigo pale mlangoni na kuondoka. Kwa maelezo yake, haukupita muda watu wa Ku Klux Klan walifika nyumbani kwa kaka yake kumtafuta. Mtoto wa kisiwa ambako hakuwahi kufundishwa kujiona mdogo alikuwa amevunja sheria asiyoijua. Muda mfupi baadaye aliondoka kuelekea kaskazini.

Ghorofa ya chini Harlem

New York ilimpokea kama inavyowapokea wengi: alilala kwenye kituo cha mabasi na juu ya mapaa, akaosha vyombo katika mikahawa. Alidanganya umri akaingia jeshini mwaka 1943, akatoka mwaka uliofuata, akarudi kwenye masufuria. Kisha katika gazeti la Wamarekani Weusi la Harlem, akitafuta kazi ya kuosha vyombo, akaona karibu yake tangazo la kutafuta waigizaji.

Tangazo lilikuwa la American Negro Theatre, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1940 na Abram Hill na Frederick O'Neal, kikafanya maonesho yake ya mwanzo katika ghorofa ya chini ya maktaba ya umma ya Harlem. Poitier alipopewa mswada asome, alisoma kwa kuokoteza silabi, kwa lafudhi nzito ya Kibahamas. O'Neal alimfukuza na kumwambia akatafute kazi ya kuosha vyombo. Hakujua kwamba ndiyo hasa iliyokuwa kazi ya kijana yule. Kauli hiyo ilimchoma Poitier kwa sababu ilimwonesha kwamba mtu asiyemfahamu alikuwa tayari ameshaukadiria mwisho wa maisha yake.

Alinunua redio na kwa miezi kadhaa akaiga sauti za watangazaji, neno kwa neno. Katika mkahawa alikofanya kazi, mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi alimkuta akihangaika na gazeti, akaketi naye usiku baada ya usiku, baada ya wateja kuondoka, akimfundisha kusoma, maana ya alama za uandishi na namna ya kulipata neno gumu kwa kuangalia yanayolizunguka. Poitier alisema uzeeni kwamba hakupata nafasi ya kurudi kumshukuru.

Wenye kuipenda hadithi ya juhudi huishia hapo kwenye redio. Lakini redio haikumpandisha jukwaani. Aliporudi American Negro Theatre walimpokea kwa majaribio, na walipotaka kumwondoa alijitolea kuwa mfagizi wa jengo ili aendelee na masomo. Wakakubali. Ni pale alipokutana na Harry Belafonte, mzaliwa wa New York wa wazazi kutoka Karibi, ambaye wakati huo pia hakuwa na jina. Poitier alikuwa mbadala wa Belafonte katika tamthilia moja. Siku moja Belafonte hakufika mazoezini, mwongozaji mgeni akamwona mbadala, akampa nafasi ndogo katika Lysistrata huko Broadway mwaka 1946. Tamthilia ile ilioneshwa mara nne tu ikafungwa, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

Natamani mtumishi wa umma anayesoma hapa alitafakari jambo hili kwa makini. Kikundi kilichompokea hakikuwa na utajiri. Kiliundwa na watu waliokuwa wamefungiwa milango ya majukwaa makubwa, wakatumia chumba cha maktaba ya umma na senti walizochangishana. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Harlem mwenyeji alikuwa mgonjwa kama mgeni, na wote wawili walitafuta dawa katika chumba kimoja.

Kuhusu lafudhi, tusipite haraka. Sauti ile tulivu, yenye kila silabi mahali pake, ambayo ulimwengu uliisifu kwa miaka 50, haikuwa sauti ya mama yake. Aliijenga kwa sababu ile ya nyumbani ilihesabiwa kuwa kasoro. Kijana wa Kiafrika anayeambiwa leo na mwajiri wa ughaibuni "arekebishe matamshi" analipa kodi ileile. Poitier aliilipa, akapata kazi. Haifuati kwamba kodi hiyo ilikuwa halali.

Filamu iliyorudi nyumbani kabla ya mwenyewe

Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa No Way Out, iliyoongozwa na Joseph L. Mankiewicz na kutoka mwaka 1950. Poitier aliigiza daktari kijana, Luther Brooks, anayetibu ndugu wawili weupe waliojeruhiwa kwa risasi. Mmoja anafia mikononi mwake, na aliyebaki anamtuhumu kuwa muuaji. Hakuwa mpishi, hakuwa dereva, hakuwa mchekeshaji wa kuzungusha macho. Kwa Hollywood ya wakati ule, mtu mweusi aliyevaa koti jeupe la daktari na kushika maisha ya mgonjwa mweupe lilikuwa jambo la kutisha.

Lilitisha hata Nassau. Serikali ya kikoloni ya Bahamas ilipiga marufuku kuonesha filamu hiyo. Raia weusi wenye elimu na shughuli zao wakaunda kamati kupinga marufuku hiyo pamoja na marufuku ya filamu nyingine mbili zilizogusa suala la rangi. Wanahistoria wa Bahamas huitaja kamati hiyo ya mwaka 1950 kuwa hatua mojawapo katika kuamka kisiasa kwa weusi wa visiwa vile. Chama cha kwanza cha siasa, Progressive Liberal Party, kilianzishwa mwaka 1953. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha azimio la kulaani ubaguzi katika maeneo ya umma. Utawala wa wengi ulipatikana Januari 1967 na uhuru tarehe 10 Julai 1973.

Sidai kwamba filamu moja ilileta uhuru. Wafanyakazi, wanawake waliodai kura na wanasheria walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mkaguzi wa filamu aliyegonga muhuri wa marufuku aliwapa watu sababu ya kukutana. Kabla ya siku ile, ubaguzi wa Nassau ulikuwa kama hali ya hewa: kila mtu aliuhisi, hakuna aliyeushika. Marufuku iliupa anwani na sahihi.

Na mwenyewe? Poitier alikuwa hajawaandikia wazazi wake kwa miaka. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba aliona aibu kuandika barua isiyo na fedha ndani yake. Familia zetu zinaujua ukimya wa namna hiyo. Ndugu aliye ng'ambo akinyamaza tunasema amejisahau, ilhali pengine anasubiri tu siku atakapokuwa na kitu cha kutuma. Alirudi baada ya kulipwa ujira wa filamu ile, akiwa mtu mzima, akawapa wazazi sehemu ya fedha.

Sikubali

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tunawaambia vijana. Ni methali ya hekima, lakini haisemi mtu ainame kiasi gani, wala atasimamaje baadaye. Poitier aliinama alipofagia ukumbi. Kulikuwa na mahali ambapo hakuinama.

Mwaka 1950 alikwenda Afrika Kusini kuigiza katika Cry, the Beloved Country, pamoja na mwigizaji mkongwe Canada Lee. Utawala wa makaburu ulikuwa umeanza kuziandika sheria za apartheid. Poitier ameeleza kwamba ili waruhusiwe kuingia na kufanya kazi, yeye na Lee waliandikishwa kama watumwa wa mkataba wa mwongozaji wao, Zoltan Korda. Alikubali fedheha hiyo ya karatasi ili filamu yenyewe, iliyoonesha madhila ya Waafrika, ipatikane. Huo nao ulikuwa uamuzi: alipima kilichouzwa na kilichonunuliwa.

Baadaye, mke wake akiwa amejifungua binti yao wa pili na deni la hospitali likiwa halijalipwa, wakala mmoja alimletea nafasi yenye malipo mazuri. Mhusika alikuwa mfagizi mweusi aliyeshuhudia uhalifu. Wahalifu wanamuua binti yake ili kumnyamazisha, naye ananyamaza. Poitier alikataa. Hakukasirishwa na kazi ya ufagizi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefagia. Alikataa kwa sababu baba yule hakufanya lolote, na baba yake Reginald, aliyekuwa maskini maisha yake yote, asingekaa hivyo. Akaenda kukopa dola 75 kwa rehani ya samani za nyumbani, akalipa hospitali. Wakala, Martin Baum, alishangazwa kiasi kwamba aliamua kumchukua awe mteja wake, na uhusiano wao ukadumu miongo mingi.

Kisha siasa ikabisha hodi waziwazi. Katika miaka ya kuwasaka wakomunisti, kabla ya kuigiza katika Blackboard Jungle, filamu iliyotoka mwaka 1955, alitakiwa kutia sahihi hati ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee. Robeson alikuwa amenyang'anywa pasipoti. Lee alikuwa amekufa mwaka 1952, kazi zikiwa zimemkimbia. Poitier alikuwa na watoto wadogo, na kukataa kungeweza kumfungia milango yote. Hakutia sahihi. Mwongozaji Richard Brooks aliendelea naye, na filamu ikawa ngazi yake kubwa.

Mipaka ya kukataa: Kenya

Haki inatutaka tuseme pia pale alipofika mpaka wake, na mpaka huo uko katika ardhi yetu. Richard Brooks huyohuyo alimchukua kuja Kenya mwaka 1956 kutengeneza Something of Value, filamu iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Mau Mau. Poitier aliigiza Kimani, kijana wa Kikuyu aliyekua pamoja na kijana wa mlowezi, aliyeigizwa na Rock Hudson, kisha akaingia msituni. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Maelfu ya watu walikuwa kizuizini. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, na mwaka huohuo filamu ikaanza kuoneshwa.

Mtoto wa koloni moja la Uingereza aliigiza mpigania ardhi wa koloni jingine, wakati wapiganaji wenyewe hawakuwa na kamera wala sauti. Mzee wa Kikuyu katika filamu hiyo aliigizwa na Juano Hernandez, mzaliwa wa Puerto Rico. Poitier alimpa Kimani utu na hasira yenye sababu, na mtazamaji makini anaona sheria ya walowezi ikimsukuma hatua kwa hatua. Lakini hatima ya kisa ni ya Ruark na ya studio: Kimani anakufa shimoni, na tumaini linaachwa mikononi mwa mlowezi mwenye huruma. Mwigizaji anaweza kukataa nafasi, hata kuitajirisha aliyoikubali. Hawezi, akiwa mwigizaji tu, kubadilisha mwisho wa hadithi.

Deni hilo, kama tukiliita hivyo, alilipunguza kwa njia nyingine. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli kwa vijana wa Afrika Mashariki. Barua ya kuomba michango ya kukodi ndege ilitiwa sahihi na watu watatu: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mamia wakafuata, miongoni mwao Wangari Maathai mwaka 1960, na wengi walirudi kushika vyuo na ofisi za umma baada ya uhuru. Watumishi wa umma wa leo wamerithi madawati ambayo kwa sehemu yalijazwa kwa sahihi ya mwana wa mkulima wa nyanya.

Mzigo wa kuwa mmoja

Baada ya Oscar alizidi kung'aa. Agosti 1964 yeye na Belafonte walipeleka dola 70,000 taslimu Greenwood, Mississippi, kwa vijana waliokuwa wakiandikisha wapiga kura weusi, huku magari ya wabaguzi yakiwafukuza usiku. Kwa sababu ya hatari hiyo, In the Heat of the Night, inayosimulia kisa cha Mississippi, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika mji wa Sparta, jimbo la Illinois. Katika filamu hiyo ya mwaka 1967 bwana shamba mweupe anampiga kofi mpelelezi Virgil Tibbs, naye Tibbs anamrudishia papo hapo. Watazamaji weusi walishangilia katika kumbi za sinema, kwani kitu kama hicho hawakuwa wamezoea kukiona.

Hata hivyo, Septemba mwaka huohuo mwandishi wa tamthilia Clifford Mason alichapisha katika New York Times makala yaliyouliza kwa nini Marekani nyeupe inampenda mno Poitier. Hoja yake ilikuwa kali: wahusika wa Poitier ni wasafi kupita kiasi, hawana familia, hawana tamaa za kibinadamu, na kazi yao ni kutatua matatizo ya weupe. Katika Guess Who's Coming to Dinner anaigiza daktari mwenye sifa za kupindukia, kana kwamba mtu mweusi sharti awe malaika ndipo afikiriwe kuwa mkwe.

Mason alikuwa na haki katika mengi. Lakini makosa mengi aliyoyataja yalikuwa ya mfumo uliompa nafasi mtu mmoja tu. Anayewakilisha mamilioni peke yake haruhusiwi kuigiza mwizi, mlevi wala mpenzi mbaya, kwa kuwa kila udhaifu wa mhusika utasomwa kama udhaifu wa kabila zima. Waigizaji weupe walikuwa mamia, ndiyo maana waliweza kuwa watu wa kila aina.

Poitier alijibu kwa kuhama upande wa kamera. Mwaka 1969 alishiriki kuanzisha kampuni ya First Artists pamoja na Paul Newman na Barbra Streisand. Mwaka 1972 aliongoza Buck and the Preacher, kisa cha watumwa walioachwa huru wanaohamia magharibi, akiwa na Belafonte na Ruby Dee. Zikafuata vichekesho vilivyojaa waigizaji weusi, na Stir Crazy ya mwaka 1980 iliyoingiza fedha nyingi. Alikuwa amejifunza somo la Kimani: anayetaka mwisho mwingine wa hadithi sharti ashike kalamu na fungu la fedha. Aliporudi Kenya kurekodi The Wilby Conspiracy, iliyotoka mwaka 1975, mhusika wake alikuwa mpinga apartheid, na safari hii hakufa ili mweupe aelimike.

Marejeo ni ngamani

Bahamas huru ilimteua kuwa balozi wake nchini Japani kuanzia mwaka 1997 hadi 2007. Koloni lililomzuia kuonekana kwenye skrini likawa taifa lililotaka aonekane kwa niaba yake. Machi 2002 alipewa Oscar ya heshima, na usiku huohuo Denzel Washington akawa mwanamume mweusi wa pili kushinda ile ya mwigizaji bora. Katikati ilikuwa imepita miaka 38. Poitier alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94.

Miaka minane kabla ya kifo chake, Machi 2014, alipanda tena jukwaa la Oscar, safari hii kutangaza mshindi wa uongozaji. Usiku ule Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, alishinda kwa kuigiza mtumwa. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen kabla ya kuhamia Minneapolis, alikuwa ameteuliwa kwa kuigiza haramia. Wote walifanya kazi ya kiwango cha juu. Lakini tazama nafasi zenyewe, mtumwa na haramia, kisha uulize mlango umefunguka kwa upana gani ndani ya miaka 50.

Kwa hiyo tunapomuaga kijana anayekwenda kuigiza ughaibuni, tusimpe methali tupu. Tumwambie ukweli kwamba karatasi zake zitakuwa na uzito sawa na kipaji chake, na tudai serikali zetu zizungumzie viza na mikataba ya wasanii kama zinavyozungumzia kahawa na chai. Tumwambie atafute wenzake kabla ya kutafuta umaarufu. Na tujiulize sisi tuliobaki: katika wilaya zetu, ni maktaba ngapi za umma zenye chumba ambamo kijana asiyejua kusoma mswada anaweza kufagia mchana na kujifunza jioni? Ofisa anayepanga bajeti ya utamaduni na yule anayegonga muhuri wa ukaguzi wa filamu wanaandika sehemu ya historia hii, wapende wasipende. Nassau mwaka 1950 muhuri huo ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye jina lake leo hakuna anayelitafuta.